UZI: Nguvu inayotoka na moshi wa ekzosi, turbo ya umeme, na kinachowezekana kwa magari yetu ya Kigoma na Tabora

#1 Mwanagungu

Mwakeye wakuu.

Kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya magari hapa Kigoma: "turbo ya umeme", kifaa cha volti 12 cha kuchomeka kwenye hozi ya hewa, eti gari linaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Watu wananunua. Wakati huohuo viwandani kuna magari mapya yanayotoka na turbo ya umeme ya kweli. Vitu hivi viwili vinabeba jina moja ila havina undugu. Nimefungua uzi tuvitenganishe kwa hesabu, halafu tuseme fundi wa Mwanga hapa Kigoma au wa Isevya kule Tabora anaweza kufanya nini kwa zana alizonazo.

Tuanze na safari ya mafuta yenyewe. Chukua Land Cruiser ya dizeli inayotembea 80 kwa saa kutoka Uvinza kwenda Kaliua, inakula lita 10 kwa kilomita 100. Hiyo ni lita 8 kwa saa. Lita moja ya dizeli ina megajuli kama 36. Zidisha, ugawe kwa sekunde 3,600, unapata kilowati 80 zinazoingia kwenye injini. Zinazofika kwenye flaiwili ni kama theluthi, tuseme 25 hadi 28. Theluthi nyingine inabebwa na maji ya rejeta na joto la mwili wa injini. Iliyobaki inaondoka na moshi.

Mtu akisikia kilowati 25 zinapotea porini anaona utajiri. Tahadhari hapo. Joto halikubali kugeuzwa lote kuwa kazi. Moshi wa nyuzi 400, katika hewa ya nje ya nyuzi 30, hata mashine isiyo na kasoro yoyote ingetoa theluthi tu ya joto lake, na turbaini ndogo ya gari (feni inayozungushwa na moshi) inapata kipande cha theluthi hiyo. Kwa mwendo wa wastani, anayevuna kilowati 1 au 2 amefanya kazi nzuri. Kwenye mzigo mzito na mlima, mavuno yanapanda.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake ya kutumia moshi kusukuma hewa ndani ya injini mwaka 1905. Maana yake turbo ya kawaida, hii iliyojaa kwenye Fuso na Scania, ndiyo mashine ya kwanza ya kuvuna nguvu ya ekzosi. Wengi tunaiangalia kama kitu cha kuongeza spidi na kusahau hesabu yake.

#2 Fundi_Cheyo

Mwangaluka wakuu. Mkuu Mwanagungu, umeanzia panapotakiwa. Niongeze kitu kimoja kwa watu wa Tabora.

Kigoma mjini mko kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, Tabora tuko kama 1,200. Presha ya hewa pwani ni kilopaskali 101. Kigoma inashuka hadi 92 hivi, Tabora 88. Kwa hiyo injini isiyo na turbo ikiletwa Tabora inavuta hewa pungufu kwa asilimia 13 kabla hujaifanyia lolote. Kwa dizeli, pampu ikiwa imesetiwa kwa hewa ya pwani, ziada hiyo ya mafuta inatoka kama moshi mweusi. Magari mengi yanayoletwa gereji kwa "nozeli mbovu" yana tatizo la hewa chache tu.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: geji ya turbo inasoma presha iliyozidi ya nje. Baa 0.5 Dar na baa 0.5 Tabora si hewa ileile (baa moja ni kilopaskali 100). Dar jumla ni 1.51, Tabora ni 1.38. Ukitaka ifike ile ya Dar inabidi turbo izunguke kwa kasi zaidi, na kila turbo ina kikomo chake cha mizunguko. Fundi anayekaza westigeti (mlango unaomwaga moshi pembeni ili presha ya turbo isizidi) ili "irudishe nguvu ya Dar" anaichosha turbo bila kujua.

#3 TumbakuTransit

Shukrani wakuu. Naomba kueleweshwa kitu. Hicho kifaa cha volti 12 kina mota, kina feni, kinasukuma hewa. Hata kama hakifikii turbo, si kitaongeza kidogo? Na umeme si upo tu, altaneta inazunguka muda wote?

#4 Mwanagungu

Swali zuri, na jibu lake lipo kwenye namba.

Tumia Noah ya petroli ya lita 2.0, mizunguko 4,000 kwa dakika, Tabora, nyuzi 30. Injini ya mipigo minne inajaza silinda zake mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni lita 4,000 kwa dakika. Silinda hazijai zote, toa asilimia 15, zinabaki 3,400. Hewa ya Tabora kwa joto hilo ina uzito wa kilo 1 kwa mita ya ujazo. Injini inameza kama gramu 57 kwa sekunde.

Sasa unataka uipandishe presha kwa asilimia 40, ambayo ni kazi ya turbo ya kawaida kabisa. Hewa itakayopita itafika gramu 69 kwa sekunde. Kompresa (feni ya kusukuma hewa) nzuri, yenye ufanisi wa asilimia 65, itahitaji kilowati 3.2 hivi kufanya kazi hiyo, na hewa itatoka na nyuzi 77. Ukihesabu hasara za mota na inveta, unahitaji karibu kilowati 3.8 za umeme. Kwa volti 12 hiyo ni zaidi ya ampia 310. Waya wake ni mnene kuliko wa stata.

Altaneta ya gari hilo ni ya ampia 80 hadi 100 kwa volti 14: kilowati 1.1 hadi 1.4, na ndani yake kuna taa, feni ya rejeta, pampu ya mafuta na kompyuta. Kile kifaa cha tangazo kimewekewa fyuzi ya ampia 10 au 15. Fyuzi ya 10 ni wati 120. Linganisha wati 120 na 3,800.

Kuhusu "kidogo ni bora kuliko sifuri", hapana. Feni ya wati 120 ina kiwango cha hewa inachoweza kusukuma. Injini ikimeza zaidi ya hapo, feni inakuwa kizuizi kwenye njia: injini inavuta hewa kupitia mapanga yaliyosimama mbele yake. Ukiipima kwa geji ya vakyumu kati ya kifaa na throto, ukikanyaga mafuta mpaka mwisho utaona presha iko chini ya ile ya hozi tupu. Na mapanga ya plastiki yakivunjika yanaelekea kwenye valvu.

Umeme wa altaneta nao si wa bure. Unatoka kwenye mkanda, mkanda unatoka kwenye krenki, krenki inatoka kwenye mafuta.

#5 Dada_Spana

Kaka Mwanagungu kamaliza upande wa feni. Niende kwenye zile za kweli, kwa sababu ndipo penye utamu.

Kampuni za magari ziliona tatizo hilohilo la ampia zikapandisha volti. Audi SQ7 ya dizeli ya mwaka 2016 ilikuwa gari la kwanza la kuuzwa lenye kompresa ya umeme: volti 48, kilowati 7, inafika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Angalieni hiyo robo sekunde. Turbo kubwa ikianza kutoka chini inachelewa sekunde nzima au mbili kwa sababu moshi ni mchache. Kompresa ya umeme inaziba pengo hilo, halafu inazimwa. Haifanyi kazi safari nzima.

Aina ya pili inaweka mota kwenye shafti ya turbo yenyewe, katikati ya feni ya moto na feni ya hewa. Mercedes-AMG C 43 ya 2022 iko hivyo kwa volti 48. Porsche 911 Carrera GTS ya 2024 nayo iko hivyo, kwa volti 400. Ya Porsche ndiyo inayojibu mada ya uzi huu: mota ikishamaliza kuisaidia turbo kuanza, inageuka jenereta na kuvuna hadi kilowati 11 kutoka kwenye moshi. Turbo hiyo haina westigeti kabisa. Presha ikizidi, badala ya kumwaga moshi pembeni, jenereta inaishika shafti na kugeuza ziada kuwa umeme.

Chimbuko la mfumo huo lipo kwenye mashindano ya magari ya Formula 1. Kuanzia 2014 hadi 2025 injini zao za lita 1.6 zilikuwa na mota-jenereta kwenye turbo, kikomo mizunguko 125,000 kwa dakika. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza injini yao imevuka ufanisi wa asilimia 50 kwenye mashine ya kupimia, wakati injini za petroli za barabarani zinacheza kwenye 30 na kitu hadi 40. Kanuni za 2026 zimeiondoa mota hiyo kwa ajili ya gharama na ugumu wake.

#6 Fundi_Cheyo

Dada Spana, umegusa westigeti na hapo nataka tukae kidogo, maana ndipo siri ya "bure" ilipo.

Turbaini inapokaa kwenye njia ya moshi, inauzuia. Presha nyuma ya valvu za ekzosi inapanda, na pistoni inalazimika kuusukuma moshi utoke. Kazi hiyo ina bei, na bei yake inahesabika: presha mara ujazo. Injini ya lita 4.2 ikizunguka 3,000 inasukuma mita za ujazo 0.104 kwa sekunde. Kila baa 0.1 ya kizuizi inakula kilowati 1. Injini ya lita 2.0 kwa mizunguko hiyohiyo inakula nusu yake.

Kwa hiyo anayeweka jenereta kwenye ekzosi na kuvuna kilowati 1 huku amepandisha kizuizi kwa baa 0.1 kwenye 4.2 hajapata kitu. Kazungusha pesa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Faida inapatikana sehemu mbili: ule mshindo wa valvu ya ekzosi inapofunguka, ambapo silinda bado ina presha kubwa iliyokuwa ipotee hata hivyo, na ile ziada ambayo westigeti ingeimwaga. Ukivuna hapo, pistoni haidaiwi sana.

Hesabu hiyohiyo inatupa ukaguzi wa bei nafuu kuliko kitu chochote kwenye uzi huu. Silensa iliyoziba au katalisti (kisafisha moshi ndani ya bomba) iliyoyeyuka ni kizuizi bila turbaini. Kwenye gari la petroli fungua sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake kwa nipo yenye nyuzi za skurubu zilezile, injini ikiwa moto, panda hadi mizunguko 2,500. Ikivuka baa 0.2, bomba limeziba. Kulisafisha kunarudisha nguvu ambayo hakuna kifaa cha kununua kitaileta.

#7 Mzee wa Kibirizi

Vijana, nimewafuata kwa makini. Malori makubwa yana kitu wanachokiita turbo kompaundi. Ni hiyohiyo au ni nyingine? Na je, kwa boti zetu za ziwani, zenye injini za dizeli za ndani, kuna chochote?

#8 Mwanagungu

Shikamoo mzee. Ni ndugu yake, ila haina umeme. Baada ya turbo ya kawaida wanaweka turbaini ya pili, na nguvu yake inapelekwa kwenye krenki kwa gia, kupitia kiungo cha oili kinachomeza mitetemo ili meno ya gia yasivunjike. Scania waliiuza kwenye lori mwaka 1991. Kabla yao ilikuwa kwenye ndege: Wright R-3350 ya miaka ya 1950 ilikuwa na turbaini 3 za namna hiyo. Kwa lori lililobeba mzigo mzito kwenye barabara ndefu, faida ya mafuta ni asilimia chache, 3 hadi 5. Likitembea tupu, faida inakaribia sifuri, na wakati mwingine inakuwa hasara kwa sababu ya kizuizi alichoeleza Fundi Cheyo.

Na ndiyo maana swali lako la boti ni la maana kuliko la Noah. Gari linabadilisha mzigo kila dakika. Boti ikishatoka Kibirizi inashika mizunguko yake na kukaa hapo saa nzima. Kuvuna moshi kunapenda mzigo usiobadilika. Turbo ya kawaida kwenye boti inafanya kazi kwenye sehemu yake nzuri muda mrefu zaidi.

Ila yapo mambo mawili ya boti. Maji ya kupoza ekzosi yaingizwe baada ya turbaini, chini yake, na bomba lipande kwanza kama shingo kisha lishuke, maji yasirudi kwenye feni injini ikizimwa na mawimbi yakipiga. La pili, manifodi inayopozwa kwa maji inaiba joto kabla halijafika kwenye turbaini, kwa hiyo turbo iliyochaguliwa kwa gari itachelewa kwenye boti. Chukua yenye nyumba ndogo zaidi upande wa moto. Usijaribu kufunga manifodi kavu ukaizungushia kitambaa cha joto ndani ya boti ya mbao. Manifodi ya dizeli kwenye mzigo inafika nyuzi 500 na zaidi.

#9 Mzee wa Kibirizi

Marahaba mwanangu. Nimeelewa vizuri.

#10 TumbakuTransit

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ zisizo na turbo zimejaa Urambo, Kaliua na Sikonge kwenye kazi za tumbaku. Mtu akitaka kuzifunga turbo ya kawaida, afuate nini?

#11 Fundi_Cheyo

Nitaandika kwa urefu kwa sababu injini nyingi zinakufa hapa.

1HZ ni lita 4.2, ina chemba ndogo ya kuanzia moto kwenye silinda hedi, na mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1. Ndugu yake wa kiwandani mwenye turbo, 1HD-T, anapuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni na mgandamizo wake ni 18.6. Maana yake 1HZ haikuumbwa kwa presha kubwa. Hedi yake ikizidiwa joto inapasuka karibu na chemba. Baa 0.5 inatosha. Atakayekwambia 1.0 hatakulipia hedi.

Kabla ya kununua chochote pima mgandamizo wa silinda zote 6. Zikipishana kwa zaidi ya baa 5, acha, tengeneza injini kwanza. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: ikitoa moshi kwa mapigo kama bomba, ringi zimechoka, na turbo itamalizia.

Oili ndiyo roho ya turbo. Chukua ya kuingia kwenye tundu la swichi ya presha ya oili kwa tii, hozi ya kusuka kwa waya, tundu la ndani milimita 4 hadi 5. Ya kutoka ndiyo inayowashinda wengi. Iwe na tundu la ndani lisilopungua milimita 16, 19 ni bora, ishuke bila kupanda popote, na iingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Oili inayotoka kwenye turbo imechanganyika na hewa, ni povu, inatiririka kwa uzito wake tu. Ukiipa bomba jembamba au ukaizamisha chini ya oili, inarudi juu na kupita kwenye sili. Utaona moshi wa bluu, utabadilisha turbo tatu, na tatizo ni bomba la shilingi chache. Tundu la kutokea litazame chini, lisilale kwa zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima.

Kwenye flanji za oili usitumie silikoni. Kipande kimoja kikikatika kinaziba njia na beringi inaungua ndani ya dakika chache. Tumia gasketi ya karatasi au ya chuma.

Siku ya kuwasha: mimina oili kwa sindano kwenye tundu la kuingilia huku ukiizungusha shafti kwa kidole. Chomoa waya wa solenoidi ya kuzima dizeli, piga stata kwa sekunde 10 hadi 15, pumzika, rudia mpaka oili ionekane ikitoka kwenye bomba la chini. Ndipo uwashe. Iache ikiunguruma dakika 3 bila kukanyaga.

Geji ya joto la moshi si pambo. Toboa manifodi pale mabomba yanapokutana, kabla ya turbo, uweke thamokapo (waya wa kupimia joto) ya aina ya K, ncha yake ifike katikati ya njia. Toboa na kusafisha vumbi la chuma wakati turbo haijafungwa. Punje moja ya chuma inatosha kung'oa pembe ya feni. Mlimani isizidi nyuzi 650 kwa muda mrefu. Ikigusa 700, ondoa mguu ushushe gia. Ukiweka geji baada ya turbo itasoma pungufu kwa nyuzi 100 au zaidi, na pungufu hilo halilingani siku zote.

Sasa pampu. Mara ya kwanza usiiguse. Endesha, tazama geji. Moshi mweusi ukiwa umeisha na joto liko 500 na kitu, unaweza kukaza skurubu ya mzigo kamili kwa moja ya nane ya mzunguko, si zaidi, kisha urekebishe mlio wa chini kwa sababu utapanda. Nusu mzunguko kwa mpigo mmoja ni hatari: injini inaweza kukataa kushuka.

Kuhusu intakuula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo): kwa baa 0.5 ya Tabora, kwa mizunguko 3,000, hewa inatoka kwenye turbo na nyuzi 90. Bila intakuula unapata asilimia 30 ya hewa ya ziada. Ukiipoza hadi 50 unapata karibu 45, na hedi inashukuru. Na hesabu ya mwisho kwa ajili ya mada yetu: kusukuma hewa hiyo kunachukua kilowati 7. Zote zinatoka kwenye moshi. Hiyo ni sawa na ile kompresa ya Audi, bila betri, bila inveta.

#12 Mwanagungu

Post #11 watu waihifadhi. Naongeza tu kwamba turbo haishushi ulaji yenyewe. Dereva akitumia nguvu mpya kukimbia, atakula zaidi. Akiitumia kupanda kwa gia ya juu, mizunguko 2,000 badala ya 2,800, hapo msuguano wa ndani unapungua na mafuta yanapungua. Na Noah za petroli tusizifungie turbo kwa njia hii. Petroli ikizidiwa presha bila kompyuta kurekebishwa inagonga, na mgongano huo unavunja pistoni kati ya ringi.

#13 Dada_Spana

Upimaji wa kuvuja nao usisahaulike, maana nusu ya turbo "zilizokufa" ni hozi iliyochanika.

Tafuta kizibo cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye hozi ya kuingilia turbo. Kitoboe katikati, funga vali ya tairi ya tubelesi. Kibane kwa klempu mahali pa filta. Fungua kifuniko cha oili, kwa sababu hewa kidogo itapita kwenye sili hadi kwenye sampu na hutaki presha ijae humo. Jaza kwa pampu ya tairi hadi baa 0.5, isizidi 0.7. Paka maji ya sabuni kwenye kila klempu, kila maungio ya intakuula, kila hozi ndogo ya vakyumu. Ukisikia upepo ndani ya injini, zungusha krenki kidogo, kuna valvu iko wazi. Povu kubwa litakuonyesha pa kukaza.

Uvujaji kabla ya turbo ni mbaya zaidi japo haupunguzi presha sana. Pale inavutwa vumbi. Ondoa hozi, tazama kingo za mbele za feni ya hewa kwa tochi: feni nzima ina kingo kali na zilizonyooka, iliyokula vumbi la njia za Sikonge ina kingo zilizoliwa na kukunjika kama ukucha uliotafunwa. Ishike shafti. Kucheza kidogo kulia na kushoto ni kawaida bila oili. Ikicheza mbele na nyuma kiasi cha kuhisi kwa vidole, beringi ya kusukumia imeisha, usiifunge.

#14 Mlole48

Wakuu, betri za sola za lithiamu za volti 48 siku hizi zimejaa Kigoma. Mtu akipata kompresa ya umeme ya volti 48 iliyotolewa kwenye gari la Ulaya, hawezi kuifunga kwenye 1HZ au Hiace? Na vile vipande vya kugeuza joto kuwa umeme vya kubandika kwenye bomba la ekzosi vinaweza kuichaji?

#15 Dada_Spana

Kaka Mlole, nianze na vipande vya joto. Vile vinavyopatikana madukani vinaharibika upande wa moto ukipita nyuzi 250 hivi, na vinageuza asilimia 5 au chini ya hapo. Upande wa pili lazima upozwe kwa maji, bila hivyo dakika 10 baadaye pande zote zina joto moja na umeme unakata. BMW walitangaza mwaka 2005 mfumo wa mvuke kwenye ekzosi, wa kisayansi kweli, na mpaka leo haujaingia kwenye gari la kuuzwa. Tuviache.

Kompresa ya volti 48 inawezekana kimwili. Ugumu ni huu. Kilowati 7 kwa volti 48 ni ampia 146. Betri nyingi za sola za ampia-saa 100 zina ulinzi unaokata kwenye 100, kwa hiyo itazima katikati ya kupita lori. Kisha betri hizo hazipendi joto la boneti wala mtikisiko. Na kompresa yenyewe haiwaki kwa kuipa umeme tu. Inasubiri amri kwa njia ya data ya gari lake. Bila kifaa cha kutuma amri hizo ni chuma kizito.

Kuhusu kuchaji, wengi wanaogopa pasipo sababu. Sekunde 5 za kilowati 7 ni kilojuli 35, sawa na wati-saa 10. Ni kidogo sana. Kibadilishi cha volti 12 kwenda 48 cha wati 500 kinarudisha hizo kwa sekunde 72 hivi. Tatizo ni kuzitoa kwa kasi, si wingi wake. Ndiyo maana benki ya kapasita (vifaa vinavyotunza chaji na kuitoa kwa kasi) inafaa kuliko betri hapa. Benki ya faradi 165 ya volti 48, ukiishusha hadi 36, inatoa kilojuli 83: sekunde 11 hadi 12 za kilowati 7. Haichoki kwa mizunguko ya kuchaji kama betri.

Waya uwe wa milimita za mraba 35 usiozidi mita 2, fyuzi ya ampia 200 karibu na chanzo, na njia ya pembeni yenye mlango unaofunguka wenyewe ili kompresa ikizima injini ivute hewa bila kupita kwenye feni. Ukiisahau njia hiyo umerudi kwenye tatizo la mapanga ya plastiki ya #4.

#16 TumbakuTransit

Nimeridhika. Sasa kupima ulaji kabla na baada, njia gani inaaminika? Watu wanapima kwa mshale wa tanki.

#17 Fundi_Cheyo

Jaza mpaka shingoni kwenye pampu moja, gari likiwa limesimama mahali palepale, limetazama upande uleule. Nenda Urambo urudi Tabora, mzigo uleule uliopimwa kwa kilo, presha ya tairi ileile ya asubuhi, mwendo usiozidi 80. Jaza tena palepale mpaka shingoni. Gawa lita kwa kilomita. Rudia mara 3 kabla ya kufunga na mara 3 baada. Safari 3 zikitofautiana zenyewe kwa asilimia 5, basi faida ya asilimia 3 huwezi kuidai kwa njia hii, ongeza safari.

#18 Mlole48

Dada Spana, swali la mwisho. Hiyo benki ya kapasita ukitaka kuifungua kwa matengenezo, unachomoa tu?

#19 Dada_Spana

Usiiguse. Ukichomoa inabaki na chaji yake yote, na spana ikigusa ncha mbili inayeyuka mkononi. Funga rezista ya omu 10 ya wati 250, iliyokaa kwenye bati la kupoza, kati ya chanya na hasi. Faradi 165 kwa omu 10 inachukua kama saa moja na dakika 20 kushuka kutoka 48 hadi chini ya volti 3. Pima kwa mita. Ikishafika hapo, unganisha ncha mbili kwa waya mfupi na uuache waya huo mpaka utakapoifunga tena, kwa sababu kapasita kubwa zikiachwa wazi volti zinapanda zenyewe kidogokidogo.